Bado Yumo Ndani

Pale idara ya maji kila mtu alimwita Shangazi, kuanzia meneja hadi mlinzi wa getini, ingawa hakuwa shangazi wa yeyote kati yao. Kosa lilikuwa la kaka yake. Siku alipomleta kazini mara ya kwanza alimzungusha meza kwa meza akisema, "Huyu ni shangazi wa wanangu, msimchezee." Jina likaganda. Kaka mwenyewe wote walimwita Fundi, na mkewe, aliyekaa kwenye dirisha la mwisho la malipo, walimwita Mama Pacha. Hao watatu walikuwa na majina yao halisi, lakini majina hayo yalibaki kwenye vitambulisho tu.

Kazi yote ya kuangalia seva, kompyuta kuu ya idara, Shangazi alifundishwa na Fundi. Seva yenyewe ilikaa peke yake kwenye chumba kidogo mwisho wa korido, ndani ya kabati jeusi la chuma, na kiyoyozi kikiivumia bila kupumzika. Ankara za maji za mji mzima zilikuwa humo. Mbele ya kabati kulikuwa na meza, skrini ya zamani, kibodi iliyofutika herufi kwa kuguswa, na kiti ambacho mgongoni kwake lilining'inia sweta la kahawia lenye kiwiko kilichotoboka. Baridi ya mle ilikuwa ya kuingia mifupani.

"Huwezi kuingia nyumba ya watu ukaanza kufunua masufuria," Fundi alikuwa akimwambia mdogo wake wakati huo anajifunza. "Kwanza hodi. Kisha uulize nani yupo, wameamkaje, tumbo linasemaje. Ndipo useme kilichokuleta."

Hodi ilikuwa kuandika jina na nywila. Kuuliza nani yupo ilikuwa amri ya who, na seva ilimjibu majina ya walioingia. Kuuliza umeamkaje ilikuwa uptime, nayo ilisema imekesha tangu lini na imelemewa kiasi gani. Tumbo ilikuwa df, kuona diski imeshiba hadi wapi. Akitaka kujua nani alipita na nani ameshaondoka, aliandika last. Na ilikuwepo whoami, ambayo Fundi aliifanyia mzaha kila mara: "Hiyo ni ya siku ukichoka mpaka umejisahau. Iulize, itakukumbusha wewe ni nani."

Basi hata baada ya Fundi kufa, Shangazi aliendelea na salamu zile kila asubuhi, akiwa kwenye meza yake ya ofisini, kabla hajashusha mkoba begani. Alibisha hodi. Akaandika who. Na kila asubuhi seva ilimjibu mistari miwili. Mstari mmoja ulikuwa wake. Wa pili ulikuwa wa Fundi.

Fundi alizikwa kabla ya mvua, na mvua zenyewe zilikuwa zimeshakwisha.

Haukuwa muujiza. Fundi alikuwa na tabia moja mbaya ambayo mdogo wake alimgombeza kwayo hadi akachoka. Alipoingia kwenye seva kwa kibodi ya mle chumbani, hakuwa akijitoa. Alizima taa, akafunga mlango, akaondoka, na akaunti yake ikabaki wazi hadi kesho yake. "Mlango ndiyo nywila yangu," alisema, akitikisa funguo. "Mtu akishavuka mlango huu, nywila itamzuia nini?" Siku kifua kilipombana akiwa kazini, walimtoa mle ndani akiwa ameshikwa huku na huku, akapakiwa kwenye gari la mafundi bomba. Aligeuka mlangoni akamwambia mdogo wake, "Usiguse kitu, narudi sasa hivi." Sweta akaliacha kitini. Akaunti akaiacha wazi. Hospitali hakukaa sana.

Kuifunga kulikuwa kazi ndogo. Shangazi angeweza kuikata akiwa palepale mezani kwake, kwa mstari mmoja wa amri. Aliwahi kuuandika wote, kidole kikaja juu ya enta, kikasimama. Akaufuta herufi kwa herufi. Kesho, akasema. Meneja naye alimkumbusha mara moja, mara mbili, kisha akaona uso wake, akaacha. Zikapita kesho nyingi. Alikuwa amechoka, si kwa kazi. Alikuwa na uchovu ule wa mtu anayebeba ndoo iliyojaa na hapati pa kuitua.

Kitu kimoja aliacha kukiuliza. Kuna amri fupi kuliko zote, herufi moja tu, w, inayoonyesha walioingia pamoja na muda ambao kila mmoja amekaa kimya bila kugusa kibodi. Wiki ile ya mazishi aliiandika, akaona ukimya wa kaka yake umehesabiwa kwa siku. Hakuiandika tena. Who ilimtosha. Who ilisema yupo, haikusema amenyamaza.

Ndiyo maana alikuwa wa mwisho kujua.

Meneja alimwita mchana mmoja, madirisha ya malipo yakiwa yamefungwa kwa mapumziko. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kupenda kuvua viatu chini ya meza akidhani hakuna anayeona.

"Shangazi, kaa."

"Nikikaa sitainuka. Sema tu, bosi."

"Makao makuu wamepiga. Siku hizi wana mtambo wao wa kutuchungulia kila tawi. Wanasema akaunti ya Fundi inaguswa."

"Inaguswa vipi?"

"Asubuhi. Kila siku ya kazi, kabla hatujafungua. Mtu anaweka mkono kwenye kibodi." Meneja akashusha sauti. "Sasa fikiria wanavyoona wao kule. Mtu tumemzika, na bado anawahi kazini kuliko mimi."

Shangazi hakucheka. Meneja naye alijuta kusema.

"Yule alikuwa na mamlaka yote mle ndani," akaendelea. "Anaweza kubadili ankara ya mtaa mzima na asijulikane. Ufunguo wa chumba anao nani?"

"Mimi."

"Na nani mwingine?"

"Mimi tu."

"Unaona unavyojikaanga kwa mafuta yako mwenyewe?" Meneja alijifuta uso kwa kiganja. "Kesho mchana watapiga tena, na wanataka jina. Nisipokuwa nalo wataandika lako. Utasimamishwa mpaka uchunguzi uishe, na uchunguzi wao unaujua, hauishi."

"Basi niikate sasa hivi."

"Ukiikata leo watasema umefuta nyayo. Iache. Nitafutie jina, Shangazi. Mimi najua si wewe, lakini kujua kwangu hakuandikwi popote."

Alirudi mezani. Akaandika ile herufi moja aliyoikimbia. Safu ya ukimya mbele ya jina la kaka yake, ambayo ilipaswa kuwa imejaa miezi, ilionyesha saa chache tu. Asubuhi ileile, muda mfupi kabla ya madirisha kufunguliwa, mtu alikuwa amegusa kibodi ya Fundi.

Akachukua ufunguo, akaenda hadi mwisho wa korido.

Chumba kilikuwa vilevile. Taa ndogo za kijani zilipepesa kabatini, kiyoyozi kikavuma. Skrini ilikuwa nyeusi kwa kulala. Hakutaka kugusa kitu, lakini bila kugusa asingeona, kwa hiyo akabonyeza kitufe cha pembeni kisichoandika chochote. Skrini ikawaka. Pale lilipo jina la Fundi, mahali pa kuandikia amri, kile kimstari kidogo kinachopepesa kilipaswa kuwa kimeng'ang'ania karibu na jina, kikisubiri. Hakikuwa hapo. Kilikuwa kimesogea mbali kulia, karibu katikati ya skrini. Kati ya jina na kimstari hapakuwa na herufi hata moja. Palikuwa patupu.

Shangazi alisimama akaangalia mpaka vidole vikafa ganzi. Mwizi angeandika kitu. Mwizi angefungua ankara, angefuta, angetafuta. Huyu alikuja, akabonyeza nafasi tupu, akaenda zake. Akaja tena, akabonyeza tena.

Alipogeuka kutoka ndipo alipoliona sweta. Mikono yake ilikuwa imekunjwa vizuri ndani, kama inavyokunjwa nguo ya mtu anayependwa. Fundi hakuwahi kukunja nguo maishani mwake.

Akafunga mlango, akatembea polepole kwenye korido akipita nyuma ya madirisha ya malipo. Mapumziko yalikuwa yamekwisha na Mama Pacha alikuwa anahudumia, mgongo umenyooka, kalamu imechomekwa kwenye nywele. Tangu msiba wale mawifi wawili walikuwa wakisalimiana vizuri, wakiulizana habari za watoto, wakipeana kiti. Fundi hawakumtaja. Kila mmoja alikuwa anachunga asije akamchokonoa mwenzake kidonda, na hivyo kila mmoja akawa anakitibu chake peke yake kwenye jengo lilelile. Shangazi alisimama nyuma yake kidogo. Akapita.

Usiku ule usingizi ulikuja kwa vipande. Kulipopambazuka alikuwa ameshafika kazini. Mlinzi wa getini alimtazama juu hadi chini.

"Shangazi, leo umefukuzwa nyumbani?"

"Nimejifukuza mwenyewe. Ukiulizwa, hujaniona."

"Sijakuona tangu jana," mlinzi akasema, akarudi kwenye redio yake.

Alijifungia chumbani, akakaa juu ya maboksi ya karatasi nyuma ya kabati la seva. Baridi ilimpanda kuanzia miguuni. Alijiona mjinga, mtu mzima amejificha kama mtoto anayecheza. Alikuwa na jina tayari, na hilo ndilo lililomnyima raha. Alitamani aje mtu mwingine yeyote. Aje mwizi wa kweli, mwenye kofia na begi.

Ufunguo uligeuka mlangoni. Haukutangatanga, ulijua njia.

Mama Pacha aliingia, akarudisha mlango nyuma yake kwa kisigino. Hakuwasha taa. Alichukua sweta, akalivaa juu ya blauzi yake ya kazi, akakunja mikono mirefu mara moja, akaketi kwenye kiti cha mumewe. Akabonyeza. Skrini ikawaka ikammulika uso.

"Umeamkaje," akaiambia. "Leo nimechelewa, maji yalikatika. Ndiyo, maji. Usicheke, na wewe ulikuwa unakatiwa." Akavuta pumzi. "Mkubwa ameng'oka jino. Akaliweka mfukoni mwa sare, sare nikaifua, jino likaenda na mapovu. Sasa aliyelia ni mdogo wake. Mwenye jino katulia kabisa, mdogo ndiye kagaragara. Sijui wamegawana vipi hawa. Na mimi nipo. Mgongo tu."

Kiyoyozi kikavuma. Alikuwa anaangalia jina lililoandikwa pale.

Shangazi alitaka kubaki kimya mpaka aondoke, lakini mguu ulikuwa umeshakufa ganzi, boksi likalia chini yake.

"Wifi," akasema, kwa sauti ndogo kadiri alivyoweza.

Mama Pacha aliruka, kiti kikagonga kabati. "Mungu wangu! Mwanamke wewe, unataka nife? Wanangu wabaki na nani?"

"Na mimi. Si mimi ndiye shangazi yao?"

"Wewe unayeunguza hata maji ya chai?" Mkono ulikuwa bado kifuani. "Unafanya nini humo nyuma?"

"Nakusubiri."

Hapo Mama Pacha akajiona alivyo, sweta la mumewe mwilini na ufunguo mezani. Akaketi tena polepole. Shangazi alijikokota kutoka nyuma ya kabati, akaegemea meza.

"Ufunguo uliupata wapi?"

"Kwenye mfuko wa hospitali. Walinikabidhi nguo zake, mkanda, saa na funguo. Sikujua upi ni wa wapi, nikajaribu mmoja mmoja." Alilivuta sweta likamfunika vidole. "Nilikuja kuchukua hili tu, wifi. Nakuapia. Siku ya kwanza nilikuja kuchukua sweta. Nikaegemea meza hivi, kioo kikawaka, nikaona jina lake, na hiki kitu kinapepesa mbele yake. Nikasema, kumbe hajazima. Kumbe alikuwa katikati ya kazi. Nikashindwa kuondoka nalo."

"Na unabonyeza nini?"

"Hiki kirefu. Hakikuwa na herufi tangu zamani, nikasema hiki hakiwezi kuharibu kitu. Nimeharibu?"

"Hujaharibu."

"Mbona umejificha basi?"

Shangazi akamwambia yote, simu ya makao makuu, mchana wa leo, jina linalotakiwa. Mama Pacha alisikiliza mdomo wazi.

"Taja langu," akasema alipomaliza.

"Acha ujinga."

"Ujinga gani? Si mimi? Ukitaja lako wewe, utakuwa umesema uongo, na kazi watakunyang'anya. Na nikifukuzwa mimi nitauza chochote, mdomo ninao."

"Mdomo unao, hilo halina ubishi." Shangazi alijisikia machozi yamefika, akayameza. "Wifi, mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia nini? Wifi yangu, naomba ruhusa nikamwone kaka yako kwenye kompyuta? Wewe ungenipeleka wapi?"

"Ningekuja na wewe."

Mama Pacha alimtazama.

"Mimi kila asubuhi naandika neno moja pale mezani kwangu, kuuliza nani yupo," Shangazi akasema. "Jina lake linatoka. Ningeweza kulifunga tangu ile wiki ya kwanza. Nimeambiwa mara ngapi. Sikuweza."

Wakabaki kwenye mwanga ule wa skrini, mmoja kitini, mmoja ameegemea meza. Kisha Mama Pacha akapangusa pua kwa mkono wa sweta.

"Basi tulikuwa tunakuja wote," akasema. "Kila mtu na mlango wake."

Meneja alipofika hawakumwacha hata aketi. Shangazi alimweleza palepale mlangoni pa ofisi yake, akitaja jina lililotakiwa huku mwenye jina amesimama kando yake. Meneja aliangalia sweta, akaangalia viatu vyake mwenyewe. Hakusema neno mpaka walipofika chumba cha seva, na hapo alichosema ni kwamba mle ndani pana baridi ya kugandisha nyama.

"Tazama hapa," Shangazi akamwonyesha. "Jina lake ni hili. Kimstari kiko huku. Katikati unaona nini?"

"Sioni kitu."

"Ndicho kilichofanyika. Amebonyeza kitufe cha nafasi, mara moja kwa kila asubuhi aliyokuja. Hakuna amri."

Meneja alipiga picha kwa simu yake. "Mimi nakuamini. Wale watasema aliandika akafuta."

"Seva inatunza kila amri ya mtu kichwani, lakini haiiandiki kwenye diski mpaka mwenyewe aage. Tukimkata kwa nguvu, huenda yakapotea yote. Akiagwa vizuri, kwenye kibodi hii, inaandika, na tutasoma alichofanya tangu aingie hadi anatoka."

"Kwa hiyo ushahidi ni kumfunga."

"Kumtoa," Shangazi akasema. "Ndiyo."

Aliyasema kwa utulivu, lakini alipoyasikia masikioni mwake alihisi ile ndoo aliyoibeba miezi yote imefika mahali pa kutuliwa, na mikono haitaki kuachia. Alivuta kibodi, akaisukuma mbele ya wifi yake.

"Andika wewe."

"Mimi? Herufi zenyewe zimefutika, nitajuaje?"

"Nitakuonyesha."

Akamshika kidole cha shahada, kilikuwa cha baridi, akakipeleka kwenye e. Kisha x, chini kabisa. Kisha i. Kisha t. Neno likajiandika katikati ya skrini, mbali na jina, baada ya zile asubuhi zote tupu. Exit. Lilikaa pale likisubiri.

"Sasa enta. Hicho kikubwa."

"Bonyeza wewe, wewe ndiye dada yake."

"Wewe ndiye mkewe."

Meneja alikohoa akageukia ukuta, akawa anasoma kibandiko cha zimamoto kwa umakini mkubwa.

"Nikibonyeza, tunaweza kumrudisha?" Mama Pacha akauliza.

"Hapana."

"Hata wewe na mitambo yako yote?"

"Hata mimi, wifi."

Mama Pacha aliinama karibu na skrini. Alisema kitu ambacho hakuna aliyekisikia, kiyoyozi kilikimeza. Akabonyeza. Skrini ilijifuta yote, jina, nafasi, neno, pakabaki maandishi mafupi ya juu ambapo seva inauliza jina la anayetaka kuingia. Kimstari kikapepesa hapo.

"Inauliza jina," akasema.

"Inamuuliza yeyote atakayekuja."

Shangazi akabisha hodi kwa jina lake, akafungua kumbukumbu ya amri za Fundi, na wote watatu wakasoma. Siku ile ya mwisho alikuwa amesalimia kama kawaida yake. Aliuliza nani yupo. Aliangalia tumbo la diski. Akauliza umeamkaje. Baadaye kidogo akauliza tena umeamkaje, ile uptime, huku kifua chake mwenyewe kimeshaanza kulemewa na hakumwambia mtu. Baada ya hapo palikuwa na ile ya kuaga, na hapakuwa na kingine.

"Nichapishie hiyo," Meneja akasema.

Simu ya makao makuu ilikuja mchana. Meneja alifunga mlango. Shangazi alikaa mezani kwake akijifanya anafanya kazi, na kutoka alipokaa aliuona mgongo wa Mama Pacha dirishani, umenyooka, ukipokea watu. Sweta lilikuwa limewekwa juu ya mapaja. Meneja alipotoka alikuwa amesahau kuvaa viatu.

"Wamekubali kwamba hakuna kilichoguswa," akasema. "Hawajakubali kwamba hakuna kosa. Kila mmoja wenu anapata onyo la maandishi, wewe kwa kutofunga, yeye kwa kuingia. Ufunguo aurudishe leo."

"Kazi?"

"Kazi mnazo." Akajikuna shingo. "Waliniuliza alikuwa anafanya nini mle ndani kila asubuhi. Nikawaambia alikuwa anamsalimia mumewe. Wakanyamaza. Halafu mmoja akaniuliza hilo aliandike kwenye kipengele gani."

Shangazi alicheka. Kicheko kilitoka kimechoka, kama maji ya kwanza ya bomba lililokaa kavu, na kilipotoka hakikuweza kusimama upesi. Ikabidi ajifunike uso kwa mikono.

Kesho yake aliwahi. Alishusha mkoba kwanza, akauweka chini ya meza, jambo ambalo hakuwa akilifanya. Akabisha hodi. Akauliza nani yupo, na mashine ikamjibu mstari mmoja, jina lake peke yake. Alijua itakuwa hivyo, lakini kujua hakukusaidia. Akaandika last. Mbele ya jina la Fundi, pale ambapo miezi yote palikuwa pameandikwa kwamba bado yumo ndani, sasa paliandikwa siku na saa aliyotoka. Akauangalia mstari ule kwa muda. Kisha akauliza umeamkaje, tumbo linasemaje, na tumbo lilikuwa limejaa kuliko alivyopenda. Ingebidi afute nakala za zamani siku ile, kazi ya kuchosha, ya kuchagua kipi kibaki na kipi kiende.

Kabla hajaianza, vidole vikaandika whoami vyenyewe. Seva ikamjibu. Ikamtajia jina lake.

"Hodi," sauti ikasema mlangoni.

Mama Pacha alikuwa amesimama nje ya mlango, haingii, kalamu imeshachomekwa kwenye nywele. Hakuwa na ufunguo tena, na mlango huu wa ofisi haukuwahi kufungwa, lakini alisimama palepale akisubiri kukaribishwa.

"Karibu, wifi. Umeamkaje?"

"Nimeamka." Akavuta kiti, akaketi kwa uzito wa mtu aliyetembea mbali. "Mgongo tu. Na mdogo naye kaanza kulitikisa jino lake kwa nguvu, anataka ling'oke leoleo, ati asiachwe nyuma. Nimemwambia aje amwulize shangazi yake."

"Mwambie aje," Shangazi akasema, akasukuma kibodi kando.